Mabano yakizidishwa yanarudi pale pale, lakini mwalimu ameweka kosa: je, (2x − 4)(2x + 4) ni jibu sahihi?

Bandiko la 1 – MzaziWaTanga

Habari za jioni wanajukwaa. Binti yangu yuko Kidato cha Pili, na leo amerudi nyumbani na daftari la hisabati lililomliza. Swali lilimtaka atafute vigawo vya 4x² − 16. Aliona mara moja kwamba 4x² ni mraba wa 2x na 16 ni mraba wa 4, akaandika (2x − 4)(2x + 4). Mwalimu ameweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika 4(x − 2)(x + 2) bila neno jingine.

Nimekaa naye mezani tukafungua mabano yake hatua kwa hatua. 2x mara 2x ni 4x², 2x mara 4 ni 8x, −4 mara 2x ni −8x, na −4 mara 4 ni −16. Zile 8x mbili zikafutana, tukabaki na 4x² − 16 kama ilivyokuwa mwanzo. Mimi niliishia kidato cha nne, na nilifundishwa kwamba ukizidisha ukarudi ulikotoka, jibu lako ni sahihi.

Ninaomba msaada kwa mambo mawili. Je, jibu la mtoto ni kosa? Na ni njia gani ya kuhakiki ambayo anaweza kuitumia mwenyewe ndani ya chumba cha mtihani, akiwa amebakiwa na dakika mbili tu?

Bandiko la 2 – Chaki_Nyeupe

Pole kwa binti. Nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka kumi na tisa, na jibu hilo ninalikuta kila mwaka. Alichoandika ni kweli, lakini hakijafika mwisho. Mtoto wa darasa la tano akiulizwa vigawo tasa vya 36 akaandika 4 × 9, kuzidisha kwake hakuna dosari, ila kazi imeachwa njiani kwa sababu 4 na 9 bado zinagawanyika. Hapa pia ndani ya 2x − 4 kuna 2 iliyobaki, na ndani ya 2x + 4 kuna 2 nyingine.

Darasani kwangu hatua ya kwanza haibadiliki: kabla hujatafuta miraba wala kitu kingine chochote, toa kwanza kigawo kikubwa cha shirika nje ya mabano. Angetoa 4 mwanzoni, angebaki na x² − 4, na hapo asingeweza kupotea.

Bandiko la 3 – MhandisiMkazi

Ninamheshimu mwalimu wa bandiko la 2, lakini mfano wake unamtetea mtoto. Swali la 36 lilisema “vigawo tasa”, na neno “tasa” ndilo lililoifanya 4 × 9 isitoshe. Swali la binti, kama mzazi alivyolinukuu, limesema tu “tafuta vigawo”. Kama mwalimu alitaka vigawo vya mwisho visivyogawanyika tena, ilimpasa aseme hivyo kwenye swali. Kuweka kosa kwenye jambo la kweli kunamfundisha mtoto asiamini kuzidisha, na kuzidisha ndicho kipimo pekee ambacho hakuna anayeweza kumnyang’anya.

Bandiko la 4 – Bahari_ya_Mombasa

Mimi yalinikuta nikiwa sekondari, miaka mingi iliyopita. Niliandika 2(x² − 4) kwa 2x² − 8 nikapata nusu alama, na mwenzangu aliyekaa nami dawati moja aliandika (2x − 4)(x + 2) akapata nusu alama vilevile, ingawa makosa yetu hayakufanana. Mimi nilitoa nambari nikasahau miraba, na yeye aliona miraba akasahau nambari. Hadi leo ninaamini nusu alama ilikuwa haki kwetu sote wawili, na sifuri kwa binti huyu ni adhabu kubwa mno.

Ninaongeza jambo moja. Kama swali lingekuwa la mlinganyo, 4x² − 16 = 0, majibu yote mawili yangetoa x = 2 au x = −2. Ile 4 iliyo nje haibadilishi chochote pale.

Bandiko la 5 – Aljebra_Safi

Ninasoma hisabati mwaka wa tatu chuoni, na ninafikiri ubishi huu hauwezi kwisha mpaka tukubaliane kwanza ni namba zipi tunazoziruhusu.

Tukiruhusu sehemu, yaani namba kama nusu na theluthi, basi 4 haina uzito wowote kama kigawo, kwa sababu kila kitu kinagawanyika kwa 4: x ni 4 mara robo ya x. Kwa mtazamo huo 2x − 4 haivunjiki tena, na jibu la binti limekamilika kabisa. Tukishikilia namba nzima peke yake, hapo ile 2 iliyo ndani ya kila bano ni kigawo halisi na lazima itoke. Lakini kwa sheria hiyohiyo, 4 iliyowekwa na mwalimu nayo inavunjika kuwa 2 × 2, kwa hiyo jibu lililokamilika ni 2 × 2 × (x − 2)(x + 2). Mfano wa 36 wa bandiko la 2 ni mzuri sana, ila ukiufuata hadi mwisho unamkosoa na mwalimu pia.

Bandiko la 6 – Chaki_Nyeupe

Ahsante, Aljebra_Safi, hoja yako ni sahihi na sikuwahi kuitazama kwa upande huo. Hata hivyo darasani tuna desturi yetu: namba inakaa mbele ikiwa nzima, na kinachovunjwa hadi mwisho ni yale mabano yenye x. Hakuna msahihishaji ninayemfahamu anayedai 2 × 2. Desturi si sheria ya hisabati, lakini mtihani husahihishwa kwa desturi, na mtoto anapaswa kuijua mapema.

Bandiko la 7 – Mhasibu_wa_Duka

Nijibu swali la pili la mleta uzi, maana naona limesahauliwa. Njia ya haraka ni kuweka 1 badala ya x pande zote mbili. Chukua x² − 5x + 6. Ukiweka 1 unapata 1 − 5 + 6, yaani 2. Mtoto aliyeandika (x + 2)(x + 3) atapata 3 × 4, yaani 12, na atajua papo hapo kwamba amekosea alama za kujumlisha na kutoa. Aliyeandika (x − 2)(x − 3) atapata −1 × −2, ambayo ni 2. Kazi yote inachukua sekunde kumi.

Asitumie 0 peke yake. Ukiweka 0 hapo juu, jibu sahihi linatoa 6 na lile lenye makosa linatoa 6, kwa sababu 0 inapima namba ya mwisho tu.

Bandiko la 8 – MhandisiMkazi

Hata 1 inadanganya, ndugu Mhasibu, na hata ukiitumia pamoja na 0. Chukua 4x² + 11x + 6, kisha mtu akuletee (x + 6)(2x + 1). Kwa 0, usemi wa swali unatoa 6 na mabano yanatoa 6 × 1, yaani 6. Kwa 1, swali linatoa 4 + 11 + 6, ambayo ni 21, na mabano yanatoa 7 × 3, ambayo pia ni 21. Umepima mara mbili na umefaulu mara mbili, lakini ukifungua mabano hayo unakuta 2x² + 13x + 6. Jibu la kweli ni (4x + 3)(x + 2). Ukiweka 2 ndipo uongo unapoonekana: swali linatoa 44, na mabano ya uongo yanatoa 8 × 5, yaani 40.

Kwa sababu hiyo mimi ninabaki na kufungua mabano, ingawa ni kazi ndefu kidogo.

Bandiko la 9 – Aljebra_Safi

Mfano wa bandiko la 8 unastahili kufunguliwa, kwa sababu unaonyesha ni kipimo kipi kinatosha na kwa nini. Toa usemi wa uongo kutoka kwenye usemi wa kweli. Kinachobaki ni 2x² − 2x, yaani 2x(x − 1), na hicho huwa sifuri pale tu x inapokuwa 0 au 1. MhandisiMkazi alitafuta makusudi kosa linalojificha kwenye namba mbili zilezile alizozitaja Mhasibu. Lakini tofauti yenye kipeo cha pili haiwezi kuwa sifuri kwa zaidi ya thamani mbili za x, isipokuwa iwe sifuri tupu. Kwa hiyo thamani tatu tofauti zikikubali, hakuna kosa la kuzidisha lililobaki. Kwa kipeo cha tatu zinatakiwa thamani nne, na kuendelea hivyohivyo.

Sasa kwa mtoto mwenye dakika mbili. Atazame kwanza ncha mbili: je, x za mbele zikizidishwa zinatoa kipengee cha kwanza, na namba za nyuma zikizidishwa zinatoa cha mwisho? Mabano ya bandiko la 8 yangeanguka hapa, kwa sababu x mara 2x ni 2x² na si 4x². Ncha zote mbili zikikubali, kosa linaweza kukaa katikati tu, yaani tofauti itakuwa namba fulani mara x, na hiyo huwa sifuri kwa x = 0 peke yake. Baada ya kutazama ncha, kipimo kimoja cha x = 1 kinatosha, na hapo kina uhakika uleule wa kufungua mabano. Mhasibu hakukosea, ila alikuwa ameruka hatua moja.

Lipo na jambo la pili ambalo jina la mwanahisabati Gauss limefungamana nalo. Kwa namba nzima, kigawo kikubwa cha shirika cha usemi wote ni sawa na cha bano la kwanza mara cha bano la pili. Kwenye daftari la binti ni 2 mara 2, na 4x² − 16 ina 4. Lakini 4x² + 11x + 6 haina kigawo cha shirika zaidi ya 1, kwa hiyo mtoto anayejaribu (2x + 6)(2x + 1) hana haja ya kuzidisha: bano la kwanza linagawanyika kwa 2, basi limeshakosea.

Bandiko la 10 – Fundi_Vigae_Moro

Mimi ninapanga vigae, na ninamsaidia mdogo wangu hesabu kwa kumkatia maboksi. Kwa x² + 5x + 6 ninamkatia mraba mmoja mkubwa, vipande vitano virefu ambavyo urefu wake ni sawa na upande wa mraba ule, na vigae sita vidogo ambavyo upande wake ni sawa na upana wa kipande kirefu. Kisha ninamwambia avipange sakafuni vitoe mstatili usio na pengo wala mabaki. Anaanza na mraba, anaweka vipande vitatu kuliani na viwili chini, na ile kona inayobaki wazi inapokea vigae sita barabara, vitatu kwa viwili. Pande za mstatili ni x + 3 na x + 2. Siku niliyompa vigae vidogo vitano badala ya sita alihangaika nusu saa nzima, kona ikakataa kujaa, na hapo alielewa mwenyewe kwamba x² + 5x + 5 haina mabano ya namba nzima.

Kuhusu swali la mleta uzi, mimi ninaona hivi. Jibu la binti ni ukumbi mmoja wenye pande 2x − 4 na 2x + 4. Jibu la mwalimu ni vyumba vinne vilivyolingana, kila kimoja kikiwa na pande x − 2 na x + 2. Ukumbi ule ukiukata katikati mara mbili, unapata vyumba vile vinne. Vigae vinavyotumika ni vilevile.

Bandiko la 11 – Bahari_ya_Mombasa

Fundi, bandiko lako nimelisoma mara mbili na nitalijaribu kwa wanangu. Ila x² − 5x + 6 unaipangaje? Kipande cha kutoa hakikatwi kwenye boksi.

Bandiko la 12 – Fundi_Vigae_Moro

Ninaanza na mraba mkubwa, ninakata vipande viwili upande mmoja na vitatu upande mwingine. Kwenye kona ninajikuta nimekata eneo moja mara mbili, basi ninalirudisha mara moja, na eneo hilo ni vigae sita. Ninakiri kwamba mdogo wangu hakulielewa vizuri kama lile la kwanza.

Bandiko la 13 – Mstaafu_Karani

Nimekuwa karani wa stoo maisha yangu yote ya kazi, na nimefuata uzi huu tangu mwanzo. Nilifundishwa njia moja nikiwa kijana ambayo sijaiona hapa. Badala ya 1, weka 100. Usemi wa 4x² + 11x + 6 unakuwa 40000 + 1100 + 6, yaani 41106. Mabano (4x + 3)(x + 2) yanakuwa 403 × 102. Zidisheni kwa mkono: 403 mara 100 ni 40300, na 403 mara 2 ni 806, jumla 41106. Lakini tazameni jinsi namba yenyewe inavyosomeka mbili mbili kutoka kulia: 06, kisha 11, kisha 4. Zile namba za mbele ya x zimejipanga zenyewe, kila moja katika chumba chake. Ndiyo maana mabano ya uongo ya bandiko la 8 hayapiti hapa, kwa sababu 106 × 201 ni 21306, na unamwona mara moja 2 amekaa mahali pa 4, na 13 mahali pa 11.

Bandiko la 14 – Mhasibu_wa_Duka

Shikamoo mzee. Umetuacha tugombanie 0 na 1 mabandiko sita huku 100 ukiwa umeikalia mfukoni! Nimejaribu na zenye kutoa: 6x² + x − 2 kwa 100 ni 60098, na (2x − 1)(3x + 2) ni 199 × 302, ambayo pia ni 60098. Inakubali, ingawa zile namba za mbele hazisomeki tena kwa macho kwa sababu ya kukopa.

Bandiko la 15 – Mstaafu_Karani

Marahaba. Ni kweli, penye kutoa inabaki kuwa hesabu ya kuhakiki tu, na huwezi kusoma kitu humo. Tena ni njia ya namba ndogo, kwani zikipita 99 vyumba vinafurika na ni lazima uende kwenye 1000.

Bandiko la 16 – MzaziWaTanga

Ahsanteni sana, tumekaa na haya yote tangu baada ya chakula. Binti amejaribu 100 ya mzee kwenye swali lake mwenyewe. 4x² − 16 ni 39984. Jibu lake ni 196 × 204, ambayo ni 39984. Jibu la mwalimu ni 4 × 98 × 102, ambayo pia ni 39984. Amefurahi kwamba hakudanganya, lakini ameniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kama vipimo vyote vinasema majibu mawili ni sawa, atajuaje kwamba bado hajafika mwisho?

Bandiko la 17 – Aljebra_Safi

Ameuliza swali lililo gumu kuliko lile la kwanza. Vipimo vyote tulivyotaja vinapima usawa, na hakuna hata kimoja kinachopima ukamilifu. Hata wanahisabati wakubwa waliteleza hapo. Mwaka 1702 Leibniz aliamini kwamba x⁴ + a⁴ haiwezi kuvunjwa kuwa mabano mawili ya kipeo cha pili yenye namba halisi, yaani namba zote za kawaida pamoja na zile kama √2. Lakini x⁴ + 1 ni (x² + 1)² − 2x², na hiyo ni tofauti ya miraba miwili ileile ya Kidato cha Pili, ambayo inatoa (x² + x√2 + 1)(x² − x√2 + 1). Kwa namba nzima haivunjiki, kwa namba halisi inavunjika. Na ndugu yake x⁴ + 4 inavunjika hata kwa namba nzima: (x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2). Binti afungue mabano hayo ahakikishe mwenyewe.

Bandiko la 18 – MhandisiMkazi

Ninaongeza mfano uliowahi kuzua mabishano kazini kwetu. Wawili walivunja x⁶ − 1. Mmoja alianza na miraba, (x³ − 1)(x³ + 1), akamaliza na (x − 1)(x² + x + 1)(x + 1)(x² − x + 1). Mwingine alianza na vipeo vya tatu, (x² − 1)(x⁴ + x² + 1), akamaliza na (x − 1)(x + 1)(x⁴ + x² + 1). Wote walizidisha na wote walirudi kwenye x⁶ − 1, na kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyekosea. Aliyekuwa hajafika ni wa pili, kwa sababu x⁴ + x² + 1 ni (x² + 1)² − x². Ninakiri kwamba mfano huu unampa nguvu Chaki_Nyeupe: neno “kamili” lina kazi. Lakini bado ninasema liandikwe kwenye swali.

Bandiko la 19 – Mpanga_Programu

Nichangie kidogo kutoka kwenye kompyuta. Semi zinapokuwa na herufi nyingi na vipeo vikubwa, hata mashine huona kufungua mabano ni mzigo, kwa hiyo huchagua thamani kwa bahati nasibu kutoka kwenye kundi kubwa la namba na kulinganisha pande mbili. Hesabu ya kwa nini njia hiyo inaaminika ilichapishwa na watu kadhaa kati ya 1978 na 1980, na kiini chake ni kilekile alichoeleza Aljebra_Safi kwenye bandiko la 9: kosa halina mahali pengi pa kujificha. Kwa hiyo ushauri wangu kwa binti ni tofauti kidogo na wa wengine. Asitumie 1 kila siku, abadilishe, leo 3 na kesho 7.

Bandiko la 20 – Chaki_Nyeupe

Nijibu swali la bandiko la 16 kwa kiwango cha Kidato cha Pili. Akishapata mabano na kuhakiki kwamba yanarudi, arudi kwenye kila bano peke yake na kuuliza maswali mawili: je, kuna namba inayogawa vipengee vyote vya ndani, na je, ni tofauti ya miraba miwili? Bano likijibu hapana mara mbili na halina kipeo kinachozidi kimoja, limefika mwisho. Lenye kipeo cha pili ajaribu pia njia ya jumla na zao, yaani atafute namba mbili zinazojumlishwa kutoa namba ya katikati na kuzidishwa kutoa namba ya kwanza mara ya mwisho.

Na nimetafakari kuhusu alama. Kama swali halikusema “kikamilifu”, ningempa mbili kati ya tatu na kumwandikia sababu. Sifuri nisingempa.

Bandiko la 21 – MhandisiMkazi

Mimi ningempa tatu.

Bandiko la 22 – MzaziWaTanga

Nimempa maswali mawili nimtazame: 9x² − 4 na 9x² − 36. La kwanza ameandika (3x − 2)(3x + 2), akaingia ndani ya kila bano akasema halina kitu, akaacha. La pili ameanza kuandika (3x − 6), kalamu ikasimama, akafuta, akaanza upya na 9 mbele. Kisha ameweka 1 badala ya x pande zote mbili, akapata −27 na −27. Kesho anataka kumwuliza mwalimu wake kama ile 9 nayo inapaswa kuwa 3 × 3.